Dawa Isiyongoja Jumatatu

Mimi aibu siijui. Kidato cha nne kilinitoa haya yote, nikabaki na mdomo tu. Ndiyo maana dada yangu, fundi cherehani, hunieleza mambo yake huku nikimsaidia kushona vifungo.

Jumamosi moja alikuwa akimalizia sare ya muuguzi, mteja wetu. Uzi ulimkatikia mara mbili.

"Jana usiku kondomu ilipasuka," akasema. "Na mwanangu ndio kwanza ana miezi minne. Daktari alisema kidonda cha upasuaji kipone vizuri kwanza, nisibebe mimba nyingine upesi."

"Kuna vidonge vya dharura," nikamjibu kisomi. "Ila lazima cheti cha daktari, na kliniki imefungwa. Subiri Jumatatu."

"Asubiri nini?" Muuguzi alikuwa mlangoni, amefuata sare yake. "Hapa kwetu siku hizi vinauzwa duka la dawa bila cheti. Vimezwe ndani ya siku tatu, lakini ukikawia vinapungua nguvu. Leo ni bora kuliko kesho."

Dada akasimamisha cherehani. "Si vinatoa mimba?"

"Havitoi. Vinachelewesha yai kutoka, ili mimba isitunge. Ikiwa imeshatunga, haviigusi. Wala havikingi magonjwa ya zinaa."

"Na huyu anayenyonya?"

"Mnyonyeshe kama kawaida. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudi dukani uulize. Baada ya wiki tatu, pima mimba. Halafu njoo kliniki uchague njia ya uzazi wa mpango. Hivi ni vya dharura, si vya mazoea."

Dada akanituma. Nilirudi navyo, akameza palepale.

Wiki tatu zikapita, akapima. Hana mimba. Yeye na shemeji wakaenda kliniki, akawekewa kijiti cha kuzuia mimba mkononi. Siku hiyo alishona huku akiimba.

Nami nikawatambia wateja: "Niliingia dukani kifua mbele. Nikaitaja dawa, foleni nzima ikasikia."

Kumbe mwuza dawa ameingia na suruali ya kupunguzwa.

"Huyu?" akamwambia dada. "Alinunua mswaki, akatoka. Akarudi, akanunua mswaki wa pili. Mara ya tatu akaninong'oneza kuwa vidonge ni vya bibi yake mzaa mama. Nikamwuliza bibi ana miaka mingapi."

"Akasemaje?"

"Themanini. Eti bado ana nguvu."