Mapazia ya Siku ya Kura

Mvua ya Derry, mji wetu wa kaskazini mwa Ireland, haina haraka. Huanza asubuhi, ikakaa kama mgeni asiyejua kuaga. Zamani tuliteremka nayo kwenda kiwandani, wanawake wa mtaa wetu wa mlimani, tumeshikana mikono, tunaimba njia nzima. Kilikuwa kiwanda cha mashati. Mimi nilishona kola. Mpaka leo nikikutana na mwanamume barabarani, namtazama kola kwanza, uso baadaye.

Jioni nilichemsha viazi na kabichi. Baba mkwe wangu, Mzee Phelim, alikaa karibu na moto, kofia kichwani hata ndani ya nyumba. Mume wangu alikuwa Uingereza kwenye kazi za ujenzi, kama wanaume wengi wa mtaa wetu. Mwanangu Fiachra alikuwa na miaka kumi na tisa na hakuwa na kazi. Alikaa dirishani akitazama magari ya askari wa Kiingereza yakipita. Nyuma yake ukuta ulikuwa ukitoka maji. Nilipaka rangi kila masika, na kila vuli ukungu mweusi ulirudi.

Nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Kwetu mtu akifa, mapazia hufungwa. Saa ya ukutani husimamishwa na kioo hufunikwa. Majirani huja kukesha na maiti, wakanywa chai na kusimulia. Basi Mzee Phelim alifanya hivyo hivyo siku ya uchaguzi. Kila uchaguzi. Alinituma nifunge mapazia, yeye mwenyewe akasimamisha saa, tukakaa gizani mpaka vituo vya kura vifungwe.

Alikuwa na sababu yake. Ujanani alipigana ili Ireland yote iwe jamhuri moja. Nchi ikakatwa vipande viwili, na kipande chetu kikabaki chini ya Uingereza. Mzee alisema kura hizi zimeitishwa na London, na atakayepiga ameukubali mpaka. "Jamhuri imelala humu ndani," alisema. "Sisi tunaikesha."

Majirani walinitania kiwandani. Waliniuliza, Mena, leo nani kafa kwenu, tulete mikate?

Nami niseme kweli, niliipenda siku ile. Nilioka mkate wa magadi. Mzee alisimulia habari za wenzake wa zamani, na sauti yake ilikuwa nzuri gizani. Fiachra alipokuwa mdogo alilala mapajani mwangu akisikiliza. Sikufikiri kwamba mtoto anayesikiliza anameza.

Chumbani kwangu palikuwa na droo. Chini ya mashuka niliweka kofia nyeusi na glavu nyeusi za ngozi za kaka yangu, Eunan. Eunan alijiunga na wapiganaji waliotaka kuwatoa Waingereza kwa bunduki. Alikuwa na miaka ishirini. Bomu alilokuwa amebeba lililipuka ndani ya gari kabla hajafika. Kila mpiganaji alipozikwa, kofia na glavu ziliwekwa juu ya jeneza. Baadaye mama alipewa, na mama akanipa mimi.

Miaka michache baada ya wafungwa kumi wa upande wetu kufa gerezani kwa kugoma kula, ulikuja uchaguzi wa madiwani. Wiki mbili kabla yake nilifungua droo kutafuta shuka. Kofia ilikuwapo. Glavu hazikuwapo.

Nilikaa kitandani. Fiachra aliporudi nilimwita jikoni.

"Glavu za mjomba wako ziko wapi?"

"Ninazo."

"Za nini?"

Akasema kuna mtu wa wapiganaji amemwita ajiunge. Jumapili baada ya misa atampa jibu, na jibu ni ndiyo.

Nikamwambia mjomba wako naye alisema ndiyo, tukazika sanduku jepesi. Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Mama, babu amefunga mapazia tangu kabla sijazaliwa. Kimebadilika nini? Ukuta huu unalia maji tangu nikiwa mtoto. Mtu anayekaa gizani na mtu anayeshika bunduki, yupi anafanya kitu?"

Mzee Phelim alisikia. Alitazama moto tu. Nilivaa koti nikaenda kwa Concepta.

Concepta aliishi mlango wa nne kutoka kwetu. Ujanani naye alikuwa mpiganaji. Alifungwa miaka katika gereza la wanawake la Armagh, akatoka na mvi. Sasa mchana alikaa katika kachumba karibu na duka la mikate, akisaidia watu. Paa linavuja, unamwona. Pensheni imekwama, unamwona. Chama chetu, cha wanaotaka jamhuri, kilikuwa kimeamua kugombea udiwani, na jina lake lilikuwamo. Alikuja nami vilevile alivyokuwa, vibiringisho vya nywele kichwani na ndara miguuni, zimelowa mvua.

"Mzee Phelim, bado hujafa?"

"Nakungoja wewe utangulie."

Akaomba chai. Akanywa nusu kikombe ndipo akamgeukia Fiachra.

"Sitakwambia mjomba wako alikuwa mjinga. Nilicheza naye dansi. Alicheza vibaya, alinikanyaga vidole vyote. Leo ningempa miguu yote miwili aikanyage."

Fiachra alitabasamu kidogo, kisha akakaza uso. Akamuuliza, mbona wewe shangazi ulibeba bunduki?

"Nilibeba. Halafu nikiwa ndani nikasikia mfungwa mwenzetu amechaguliwa mbunge, naye yuko kitandani anakufa kwa njaa. Maelfu walitoka majumbani mwao kumpigia kura. Siku ile nikajua kwamba tuna watu wengi kuliko bunduki. Lakini watu hawahesabiki wakiwa nyuma ya mapazia."

Fiachra akasema wapo wanaotaka vyote viwili viende pamoja, kura na bunduki. Concepta hakubisha. Alisema hata yeye aliwahi kusema hivyo. "Ila mimi ndiye ninayebisha hodi kila jioni," akasema. "Kukitokea mlipuko, milango inafungwa usoni kwangu, na ni milango ya watu wetu. Na kule upande wa pili, kwa wanaotaka Uingereza ibaki, yupo mke wa polisi. Naye anafunga mapazia. Kwake maiti yumo kweli."

Pale Mzee akaitikisa fimbo yake. Akauliza, na mpaka je? Ukipiga kura si umeukubali?

Concepta alimjibu kwa upole. Alisema, mzee wangu, mpaka haujawahi kuuliza kama pazia lako liko wazi au limefungwa. Siku tunayokaa gizani wenzetu wa upande wa pili wanapiga kura, na madiwani wanapatikana vilevile. Ila hawatujui sisi, wala hawaujui ukuta huu.

Nikamuuliza swali ambalo niliona aibu kuuliza. Nilikuwa mtu mzima sijui namna ya kupiga kura. Nilidhani mtu anaweka msalaba.

"Usiweke msalaba," akasema Concepta. "Kwa madiwani tunaweka namba. Mena, ukimtuma Fiachra dukani unamwambiaje?"

"Alete mkate wa magadi."

"Na ukiwa umekwisha?"

"Alete mkate mweusi."

"Na huo ukikosekana?"

"Basi, hata maandazi. Asirudi mikono mitupu."

"Umeshapiga kura. Unayemtaka zaidi, namba moja. Anayemfuata, mbili. Kisha tatu. Yule wa kwanza akipata kura za kumtosha na zikazidi, ziada inahamia kwa wa pili. Akiwa wa mwisho kabisa akatolewa, kura yake nayo inahamia. Kura haifi."

Mzee Phelim akacheka puani. Akasema hiyo kura ina bahati kuliko yeye.

Alipokuwa akiondoka, Concepta alisimama mlangoni akampima Fiachra kwa macho, juu mpaka chini. Alimwambia hamwombi aahidi kitu. Anaomba jioni zake tu mpaka Jumapili. Ana mabango ya kubandika, ana ngazi fupi, na hana mtu mrefu. Jumapili akitaka kusema ndiyo, aseme.

Fiachra alikwenda. Sijui kama ni kwa ajili ya Concepta au kwa kuchoka kukaa dirishani. Alirudi jioni ya kwanza amenuna, ya pili amelowa, ya tatu anacheka. Alisimulia kwamba bibi mmoja alimfukuza kwa ufagio, kisha akamwita tena arekebishe mfereji wa paa. Alisema watu wana shida nyingi ambazo hakuzijua, na wote wanamwuliza yeye.

Jumapili sikusikia misa hata neno moja. Tulipotoka, yule mtu alikuwa amesimama karibu na ukuta wa kanisa. Fiachra akamwendea. Walizungumza kidogo tu. Nilishika rozari mfukoni mpaka ikaniachia alama kiganjani. Kisha mwanangu akaja, tukatembea hadi kona.

"Umemwambia nini?"

"Nimemwambia nina shughuli."

"Naye?"

"Amesema ngazi haikomboi nchi."

"Ukamjibu?"

"Nikamwambia hata bunduki bado haijaikomboa. Nikamwacha."

Sikumkumbatia. Kwetu hatufanyi hivyo barabarani. Nilimwambia afunge vifungo vya koti, baridi imezidi.

Siku ya uchaguzi niliamka na kusikia saa inagonga. Mzee alikuwa ameshakaa kitini, kofia kichwani, mikono juu ya fimbo. Hakuisimamisha. Nilikwenda dirishani kama miaka yote, nikashika pazia.

"Acha," akasema.

Sikuelewa niache nini.

"Acha wazi. Nataka kuona nani anapita."

Yeye hakupiga kura siku ile, wala nyingine yoyote, mpaka alipoingia kaburini. Alisema ameshaapa na kiapo si shati la kubadilisha. Lakini alisogeza kiti chake dirishani, akalinda barabara. Nilipotoka kiwandani mchana alinipa habari zote. Mke wa fulani amepita, mumewe hajapita. Yule mvivu wa mlango mwekundu bado yuko kitandani, nenda ukamwamshe. Nikaenda. Jioni Concepta alisema hajawahi kupata mfanyakazi bora, na huyo hapigi hata kura.

Mimi nilipigia shuleni. Mtaa wetu ulikuwa umeombwa umpe kijana mmoja wa chama namba moja, na Concepta mbili. Nikaandika moja. Nikaandika mbili. Nikaandika tatu kwa mwalimu mmoja mzee, si wa chama chetu, lakini hakuwahi kumchapa mtoto. Nilikunja karatasi nikatoka, na mvua ilikuwa ileile, ila nilitembea polepole.

Kijana yule alipata kura za kutosha na zikazidi. Ziada ikahamia. Concepta akapata kiti cha mwisho kwa kura hizo zilizohama. Alipigana na ofisi ya nyumba za serikali miezi mingi, akawaandama kama mdudu wa sikioni. Kabla ya Krismasi mafundi walikuja wakabomoa ule ukuta, wakajenga mwingine mkavu. Mzee aliupapasa kwa kiganja kila asubuhi, kana kwamba anamsalimia mtu.

Juma lile la mafundi nilifungua droo kutafuta shuka la kufunika viti. Glavu zilikuwa zimerudi. Ngozi ilikuwa imekauka, ngumu, na vidole vyote vilikuwa vyeupe kwa gundi ya mabango. Fiachra alikuwa amezivaa kwenye ngazi, kwa ajili ya baridi.

Sikuzisafisha.

Bunduki hazikunyamaza mwaka ule. Naomba asiyekuwapo asidanganywe. Zilichukua miaka mingi bado, na wanawake wengi walifunga mapazia, wa upande wetu na wa upande wa pili. Kisha yakaja makubaliano ya amani ya Ijumaa Kuu. Tuliulizwa kwa kura kama tunayataka, tukasema ndiyo, na baadaye wapiganaji wakaweka silaha chini. Jamhuri ya Mzee Phelim haijafika. Huenda itafika kwa namba, moja, mbili, tatu. Lakini vijana waliopanda ngazi na Fiachra wamezeeka. Wana vitambi. Wanalalamika magoti. Kwangu hakuna wimbo mzuri kuliko mwanamume wa mtaa wetu kulalamika magoti.

Mzee ameondoka, na kiwanda kimefungwa. Concepta naye tulimkesha mwaka juzi, saa imesimamishwa, chai mpaka asubuhi. Nyakati nyingine ninaposhuka mtaani nasikia wale wanawake wanaimba, nikigeuka hakuna mtu.

Naandika kwa sababu juzi, baada ya misa, nilimwona mtu amesimama karibu na ule ukuta wa kanisa. Si yule wa zamani, yule amekufa. Huyu ni mpya, kola yake haikupigwa pasi. Alikuwa anazungumza na mjukuu wa jirani yangu. Kijana alikuwa anatikisa kichwa kukubali, na alikuwa hana hasira.

Mama mwenye kijana, fungua droo zako. Angalia kilichomo na kisichokuwamo. Usimwambie tu asiende, maana hana pengine pa kwenda. Mtafutie ngazi.

Nilimwambia jirani yangu hayo usiku uleule nikampa vitu viwili, namba ya simu ya Fiachra na glavu za Eunan. Uchaguzi uko karibu, na kwenye ngazi kuna baridi.