Uji Alioubakisha Datius

Kidonge kilikuwa kichungu…

Nilikitema mkononi nikakitazama. Dawa yangu haikuwa na uchungu hata siku moja. Ilikuwa na ganda laini, inateleza kooni. Hiki kilikuwa klorokwini.

Nikamwaga kopo lote kitandani. Nusu ilikuwa dawa yangu. Nusu ilikuwa dawa ya malaria.

Wapendwa, nyumba ile ilikuwa na ndugu watupu. Nani alitaka nife?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Ilikuwa mwaka 1989, Ijumbi, Muleba. Mimi, Jovita, nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, hata wanafunzi wangu sijawazoea, shingo ikaanza kuvimba. Nikakonda. Hospitali ya Mwanza wakanikata kipande cha nyama shingoni, wakapima, wakasema ni saratani ya matezi.

Wakanipa vidonge. Nesi mmoja, Immakulata, alinikalisha akanieleza polepole. Nimeze asubuhi, ninywe maji mengi mchana kutwa na nisibane mkojo, maana dawa ile ikikaa kwenye kibofu inakichoma. Ninawe mikono kila ninapoigusa. Nisiivunje wala kuisaga. Nikipata homa nisingoje kupambazuke.

“Na mwenye mimba asiiguse hata kwa kidole,” alisema. “Dawa hii inaua kila kinachokua haraka. Haijui hii ni saratani na huyu ni mtoto.”

Nilipofika nyumbani niliyarudia yote hayo mbele ya kila mtu, mimi ninayeongea nikiangalia chini.

Hakuna aliyeniamini… Nywele zilikuwa zimenyonyoka, na miaka ile kwetu aliyekonda hivyo alikuwa na ugonjwa mmoja tu. Tuliuita Juliana. Ndio UKIMWI. Waliosikia nasema saratani waliona najificha nyuma ya neno la hospitali. Majirani wakawa wananisalimia wakiwa mbali, kwenye migomba.

Kisha uvimbe ukaanza kunywea. Nikala. Nikacheka. Watu wakashangaa, maana hawakuwahi kuona mtu wa Juliana akirudi.

Chumba cha pili alilala kaka yangu, Datius. Alipigana vita na Amin akarudi bila kovu. Juliana alimkuta visiwani, kwenye biashara ya samaki. Walimleta kwa machela, mwepesi kama mtoto. Mkewe Rozi hakukimbia, ingawa kwao walituma watu wamchukue mara mbili. Mara ya pili aliwaambia wamsaidie kwanza kumgeuza mgonjwa. Hawakurudi tena.

Sasa turudi kwenye kopo.

Nililifungia kwenye sanduku langu la bati, na mahali pa ufunguo palijulikana na watu wawili. Mimi… na Mama.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Nikaweka vile vidonge vya klorokwini mbele yake, juu ya jani la mgomba. Hakuuliza ni vya nini.

“Mwana wange,” alisema, “nilikuzaa wewe, nikamzaa na yeye.”

“Mama, hii si dawa ya Juliana.”

“Shingo yako nimeiona kwa macho yangu.”

“Nilikwambieni asiiguse mtu.”

“Kila mwenye dawa nzuri huwakataza wengine.” Aliendelea kumenya. “Sikuchukua zote. Nimegawa sawa. Ningewezaje kukulisha wewe nikamwacha yeye?”

Hapo ndipo hasira yangu yote ilipoisha… Mama hakuwa mwizi. Alikuwa anapakua, kama alivyotupakulia tangu utoto, huyu hiki na huyu hiki.

Lakini dawa ile hushusha kinga ya mwili, na Datius hakuwa na kinga ya kushusha.

“Anamezaje, naye hata mate yanampalia?”

“Nasaga kwenye jiwe. Natia kwenye uji wake wa ulezi.”

“Na uji anaumaliza?”

Mama aliacha kumenya.

Mlangoni alisimama Rozi, ndiyo kwanza anatoka chumbani kwa mumewe. Alikuwa na bakuli la Datius mkononi, anakomba uji kwa kidole.

“Anaonja vijiko viwili tu,” alisema. “Unaobaki nakula mimi, tena mbele yake. Watu wanamwambia namwogopa. Nataka aone.”

Hakukosea, wasomaji. UKIMWI hauambukizwi kwa bakuli. Pale kijijini wengi waliotoroka wagonjwa wao walikuwa wamekosea, na Rozi peke yake alikuwa sahihi.

“Mbona mnanitazama hivyo?” akauliza.

Nilimwambia kilichokuwa ndani ya uji. Alishusha bakuli chini taratibu, kisha mkono wake ukaenda tumboni.

“Wifi… nina mimba. Bado changa. Niliona aibu kusema, mume yuko kitandani.”

Tulikwenda hospitali ya Rubya siku ileile. Mimba ilitoka hukohuko. Daktari hakuapa kwamba ni vidonge, alisema mimba changa hutoka kwa mengi. Lakini alisema pia kwamba dawa kama ile huweza kuitoa, na asingeruhusu mjamzito hata aishike.

Kijijini walisema ni Juliana. Hatukuwasahihisha.

Mama hakulia. Aliinua lile jiwe la kusagia akalibeba peke yake hadi mwisho wa shamba, akarudi mikono mitupu.

Nilidhani yameishia hapo…

Jioni moja Datius alikuwa anaondoka, sote tulijua. Mama na mimi tulikaa nyuma ya pazia. Tukamsikia Rozi akimwambia kwa sauti ndogo, “Baba, nina mimba yako.”

Datius akacheka, kicheko cha pumzi tupu.

“Lete mkono wangu.”

Rozi aliuchukua mkono wa mumewe akauweka juu ya tumbo ambalo halikuwa na kitu.

“Akiwa msichana,” alisema Datius, “mwiteni Anatolia. Jina la Mama.”

Mama alijiziba mdomo kwa kitenge, kwa mikono yote miwili.

Tulimzika Datius kibanjani, kwenye migomba ya nyumbani. Matanga yalipokwisha Mama alipiga magoti mbele ya Rozi, mkwe wake, akataka kusema. Rozi akamshika mabega.

“Inuka, waitu, mama yangu. Ulikuwa unamlisha mwanao.”

Mimi nilirudi kwa daktari, nikaanzishiwa dawa upya. Nilipona, ndiyo maana mnasoma haya.

Ndugu yangu unayemuuguza mtu wa saratani, vidonge vyake ni vyake peke yake. Usimpe mwingine hata kama unampenda. Hasa kama unampenda. Visivunjwe, visifichwe kwenye chakula, na akishindwa kumeza mwambie daktari. Vifungie mbali na watoto. Vikibaki, virudishe hospitali.

Na kama nyumbani kuna mjamzito, hata asiyejitangaza, bakuli la mgonjwa lioshwe na mwingine.

Rozi alirudi kwao Rwamishenye. Kila mwaka huja kupalilia kaburi. Hupalilia mahali pawili… pa mumewe, na pembeni kidogo, pasipo na msalaba.