Tekla na Pepo wa Punda

Tekla alikuwa na miaka kumi na miwili, na wiki yake aliihesabu kwa michezo ya studio. Jumatatu ilikuwa siku ya hip hop, Jumatano baleti, Ijumaa sindimba na kuruka kwa Kimaasai. Akitoka shule alikwenda moja kwa moja Sekei, kwenye studio ya Mwalimu Athumani, chumba kirefu chenye sakafu ya mbao na kioo ukuta mzima. Jioni mama yake, ambaye alikuwa akipeleka maziwa kwa wateja wa mjini, alimpitia wakarudi wote nyumbani Moshono.

"Kila mchezo una namna yake ya kuongea na sakafu," Mwalimu Athumani alipenda kusema. "Hip hop unaigongea. Baleti unaiomba ruhusa. Sindimba unaikanyaga mpaka ikujibu. Kuruka kwa Kimaasai unaiaga kabisa, na visigino visiiguse tena."

Hip hop walicheza na raba, baleti na viatu vyepesi vya kitambaa. Siku ya Ijumaa walicheza pekupeku. Ndiyo maana kila Ijumaa, kabla ngoma haijapigwa, mwalimu aliwaketisha sakafuni na kupaza sauti: "Nyayo juu!" Watoto wote waliinua miguu, naye akapita akikagua nyayo moja baada ya nyingine. Mwenye mchubuko alikaa pembeni siku hiyo. "Na pekupeku ni humu ndani tu," aliwakumbusha. "Hapa tumefagia. Huko nje hujui nani kaangusha nini."

Mama Tekla naye alikuwa na sharti lake, na alilisema mara moja tu. "Siku utakayorudi umeumia, hata kama ni ukucha, studio basi. Sina muda wa kuuguza mtu aliyejiumiza kwa kurukaruka."

Tekla alijua mama yake hasemi kitu asichokusudia.

Jumapili moja ya mwezi wa saba, baada ya ibada, Tekla alikwenda nyuma ya zizi la ng'ombe kufanya mazoezi. Ijumaa iliyokuwa inakuja mwalimu angechagua watoto watatu wa kuruka katikati siku ya onesho, naye alitaka awe mmoja wao. Alivua viatu. Aliruka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara juu zaidi. Mara ya nne alitua juu ya ubao wa hori la zamani, na msumari uliochomoza kwenye ubao huo ukaingia katika wayo wake wa kulia.

Alijifunika mdomo asipige kelele, akauchomoa mguu. Damu ilitoka matone mawili tu, kisha tundu likajifunga kana kwamba hakuna kilichotokea. Kando yake samadi mbichi ilikuwa imetapakaa. Tekla alijifuta kwa jani la mgomba, akavaa soksi, akaingia ndani kusaidia kumenya ndizi. Mama alipomuuliza mbona yuko kimya, alisema amechoka.

Jumatatu, walipokuwa wakifunga kamba za raba, alimgeukia Godbless, rafiki yake wa studio ambaye mdomo wake haukuwahi kupumzika.

"Godi, eti mtu akichomwa na msumari inakuwaje?"

"Wenye kutu?"

"Tuseme wenye kutu."

"Ooh, huyo kwisha!" Godbless alitoa macho. "Anaingiwa na pepo punda. Binamu yangu kule Kikatiti alimpata. Taya likakaza kama kufuli. Halafu mgongo ukapinda hivi." Alijikunja kinyumenyume mpaka akakaribia kuanguka. "Tena huyo pepo anapenda wachezaji, maana miguu yao haitulii. Anaingilia kwenye wayo, anapanda taratibu mpaka kichwani."

"Acha uongo wako!"

"Muulize yeyote kama hakuna pepo punda. Kwani nani kachomwa?"

"Hakuna. Nimeuliza tu."

Muziki ukawashwa. Tekla akaigongea sakafu kama wenzake, na kila alipogonga, kitu kama sindano ya moto kilipanda hadi gotini. Pepo anapanda, aliwaza. Jasho lilimtoka hata kabla ya wimbo wa kwanza kuisha.

Tangu siku hiyo hofu ikahamia kwake. Asubuhi, kwenye njia ya shule, alikutana na punda waliobeba madumu ya maji. Zamani aliwapapasa shingo. Sasa alivuka upande wa pili na kutazama chini, na mmoja wao alipolia, moyo ulimruka. Je, pepo alikuwa akimwita mwenzake? Kila alipoamka aliingiza vidole kinywani, kimoja juu ya kingine, kupima kama taya limeanza kukaza. Jumanne viliingia vitatu. Jumatano vikaingia vitatu, lakini kwa shida kidogo, au alidhani hivyo.

Mara mbili alimfuata mama yake zizini akiwa na maneno mdomoni. Mara ya kwanza mama alisema, "Kama huna kazi, shika ndoo." Mara ya pili alimkuta akiongea kwenye simu na mama mmoja wa kanisani juu ya maombi ya wagonjwa. Tekla akajiona mbele ya madhabahu, wazee wamemwekea mikono, usharika mzima unamtazama mtoto aliyeletewa pepo na ngoma. Akarudi ndani bila kusema kitu.

Jumatano baleti ilimtesa kuliko kitu chochote. Kusimama juu ya vidole kulikuwa kama kusimama juu ya msumari uleule. Alipovua kiatu aliona doa la njano kwenye kitambaa, akakisukumiza haraka chini ya begi.

"Mbona unachechemea?" Godbless aliuliza.

"Mguu umekufa ganzi."

"Toka juzi?"

"Godi, niache!"

Ijumaa kulipambazuka na ukungu mzito. Mlima Meru haukuonekana, na baridi iliingia mpaka kwenye mifupa. Taya la Tekla lilikuwa linauma. Alipima. Vidole viwili. Alijaribu tena, akilazimisha. Viwili.

Hakunywa uji wala kula chakula cha mchana shuleni. Jioni aliketi sakafuni mwa studio kati ya wenzake, soksi mbili nene miguuni, meno yakigongana.

"Nyayo juu!"

Miguu ikainuka. Mwalimu Athumani alianza upande wa mlangoni. "Safi. Safi. Wewe kata kucha. Safi." Akafika kwa Tekla. "Soksi?"

"Ni baridi, mwalimu."

"Baridi ni ya wote. Soksi zinateleza. Vua."

Tekla hakusogea.

"Tekla, naongea na wewe."

Alitaka kusema kwamba anaumwa tumbo. Alikuwa ameshautayarisha uongo huo. Lakini taya liliuma, na alidhani pengine hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kabla halijafunga kabisa.

"Mwalimu, nina pepo," alisema, kisha akaangua kilio.

Msichana aliyekaa jirani yake alisogea kwa makalio mpaka ukutani.

"Pepo gani?" mwalimu aliuliza.

"Wa punda. Ameingilia kwenye mguu. Sasa yuko hapa." Alishika shavu.

Godbless aliacha mdomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakikutoka kitu. Mwalimu Athumani hakucheka. Alipiga magoti, akaivua ile soksi polepole. Wayo ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu, na katikati yake usaha ulikuwa umetuna.

"Msumari?"

Tekla akatikisa kichwa kukubali.

"Lini?"

"Jumapili. Nyuma ya zizi."

Sura ya mwalimu ilibadilika, na badiliko hilo lilimtisha Tekla kuliko punda wote wa Moshono. Mwalimu alikuwa ameshatoa simu. "Mama Tekla, uko wapi? Njoo sasa hivi. Hapana, usimalizie hayo maziwa. Njoo."

Mama alifika kwa bodaboda, bado amevaa buti za zizini. Aliutazama mguu, akamtazama binti yake. Godbless alijitokeza mbele yake akivuta mikono ya sweta.

"Shikamoo mama. Mimi ndiye niliyemwambia habari za pepo. Binamu yangu aliumwa kweli, alilazwa mwezi mzima. Lakini hayo ya kupenda wachezaji… nilitia chumvi."

"Tutaongea," mama alisema. "Nipishe."

Kwenye kituo cha afya walipokewa na Nesi Diana, mwanamke mnene mwenye mikono ya haraka. "Fungua mdomo. Zaidi. Meza mate. Geuza shingo. Lala, nikuone tumbo." Alibonyeza hapa na pale. Tekla alimtazama usoni, akisubiri hukumu.

"Taya hili limechoka tu," nesi alisema mwishowe. "Umekuwa ukikaza meno kwa hofu na baridi. Mwili wako haujakakamaa."

"Kwa hiyo pepo hayumo?"

"Hakuna pepo, mwanangu. Pepopunda ni ugonjwa. Labda waliouita hivyo waliona mtu anakakamaa ghafla wakakosa maelezo. Unaletwa na vijidudu wanaokaa kwenye udongo na samadi. Wakizikwa ndani ya tundu refu kama hili lako, bila kuoshwa, wanastarehe. Awe mchezaji, mkulima, mchungaji wa kanisa, kwao ni sawa." Alimgeukia mama. "Kadi ya kliniki ya utotoni ipo?"

"Ipo nyumbani. Alipata chanjo zote."

"Vizuri, hizo zimemsaidia. Lakini kinga hupungua, na kidonda kichafu namna hii kilihitaji kuoshwa, naye achomwe sindano siku ileile. Leo ni siku ya tano." Aliushika mguu. "Siwezi kusema hatari imekwisha. Ugonjwa huu unaweza kujitokeza hata baada ya wiki tatu. Akishindwa kufungua mdomo au kumeza, mlete hapo hapo, msisubiri kupambazuke."

Kidonda kilifunguliwa, kikakamuliwa, kikaoshwa mpaka Tekla akaona nyota. Ikafuata sindano begani. Alipewa dawa za kumeza na amri ya kutocheza mpaka kidonda kifunge. Onesho lingefanyika bila yeye.

Nje ya chumba cha matibabu, mama alimketisha kwenye benchi la ukumbini. Aliangalia buti zake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulisema nikiumia, studio basi."

Mama alishusha pumzi. "Nilisema. Nilitaka uwe mwangalifu, kumbe nimekufundisha kuficha. Hilo ni kosa langu, na nimelifuta leo." Kisha alimshika kidevu akamgeuza watazamane. "Sasa sikia la kwako. Ulikatazwa kucheza pekupeku nje, ukacheza. Hilo ni kosa dogo, kila mtoto analo. Lakini msumari haukukuweka kwenye hatari hii peke yake, wala ngoma haimo kabisa. Hatari yako ni siku tano za kunyamaza. Kidonda hakiponi kwa kufichwa, kinaoza. Ukichomwa, osha kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, uje uniambie. Hata nikiwa na hasira. Nikifoka, nitafoka huku tunakwenda hospitali. Na maneno ya watoto wenzako kuhusu ugonjwa usiyabebe peke yako. Yalete kwa mtu mzima anayejua."

"Ndiyo, mama."

"Studio utarudi kikifunga."

Wiki tatu zilizofuata zilikuwa ndefu. Kila asubuhi mama alimwambia afungue mdomo, na kila asubuhi wote wawili walivuta pumzi kabla hajaufungua. Wiki ya tatu ikaisha, kidonda kikafunga, nesi akasema sasa inatosha.

Jumatatu aliyorudi studio, Tekla alicheza nusu ya kipindi. Jioni alimkuta mama yake akikamua, akasimama mlangoni mwa zizi.

"Mama, mguu unauma kidogo."

Mama aliweka ndoo pembeni, akanawa mikono.

"Njoo hapa kwenye mwanga," alisema. "Nioneshe."