Vyuma Viwili Nilivyomlazimisha Shemeji Kukata

Nina miaka arobaini na tisa, mjane, mkazi wa Nyarero, Tarime. Niliishia darasa la saba, mnisamehe nikieleza vibaya. Haya nimeyaandika daftarini mara nyingi, nikachana...

Nilikuwa najenga banda la mashine ya kusaga, kwa vile vyuma vyembamba ambavyo mtu mmoja anabeba begani. Fundi alikuwa Marwa, mdogo wa marehemu mume wangu. Mbele, penye mlango, aliweka vyuma viwili vilivyopishana kama mkasi. Nikaona mkokoteni wa ng'ombe hautapita! Nikamwambia avikate.

Alikataa. Alichukua kiberiti, akatoa kidroo cha ndani, akasukuma kona ya kiberiti kitupu kwa kidole. Kikalala upande.

"Umeona, shemeji? Banda jepesi halina uzito wa kujitetea. Vyuma hivi ndivyo vinalishika. Na mlango ukiwa mpana hivyo, upepo utaingia uinue bati."

Nami nikafanya nini? Nikamcheka mbele ya vibarua!

"Ebu toka huko! Wewe umetahiriwa kweli, au unaogopa upepo kama mtoto?"

Wakaangua kicheko. Kwetu Wakurya, mwanaume akiambiwa hivyo lazima aoneshe kuwa si mwoga. Marwa alivikata bila kuniangalia.

Mvua za kwanza zilikuja na upepo, mchana. Marwa alikuwa ndani anafunga mkanda wa mashine. Banda likalala upande kama kile kiberiti, bati likainuka, vyote vikamwangukia...

Niseme haki: upepo ulikuwa mkali mno, labda lingeanguka tu. Sijui. Lakini ukuta wa nyuma, wenye vyuma vyake vya kupishana, ulibaki umesimama!

Aliumia mgongo. Vibarua walikuwa wamesharudi kwao; waliokuja kumwona walinong'ona kwamba banda lilianguka kwa kuwa aliiba vyuma vya mjane wa kaka yake. Nilikuwa pale pale, nimemshikia kikombe cha uji... nikanyamaza! Marwa alinitazama tu. Wiki ya tatu akafariki. Tulimzika na jina la mwizi.

Matanga yalipoisha nilimpigia magoti mkewe, Bhoke, nikasema yote. Aliendelea kupepeta mtama.

"Dada, alishaniambia siku ile ile aliyoumia," alisema. "Akanikataza kukutaja. Alisema, mwache, atasema mwenyewe. Kila ulipoingia na uji alidhani ndiyo leo."

Jumapili hii nitasimama kanisani niwaambie wote. Naogopa, tena nimechelewa.

Wenzangu, fundi akikwambia chuma hiki ndicho kinashika nyumba, usimwaibishe mbele za watu. Na ukikosa, sema... sema mapema, aliyechafuliwa jina akiwa bado anasikia!