Kiti cha Kushoto

Mwizi aliyeingia katika chombo cha angani kilichowekwa makumbusho alikuwa wa ajabu. Saa ya rubani hakuigusa, wala redio. Alichonyofoa ni kiti cha kushoto, kile kinachofinyangwa kwa plasta kuufuata mwili wa mwanaanga mmoja tu, ili chombo kikitua kwa kishindo mgongo usivunjike. Alama za vidole alizimwaga kila mahali.

"Ni kiti cha shujaa wetu Rustem," alilalama Seitkali, mkurugenzi wa makumbusho ya Zhezkazgan. "Alirudi nacho kutoka kituo cha angani."

Inspekta Daulet Ospanov aliitazama picha ya kiti. Mabega membamba, nyonga pana. Rustem, ambaye picha yake ilijaa ukuta mzima pale mlangoni, alikuwa pande la mtu. Inspekta akauliza ni nani mwingine aliyewahi kupimwa kiti kama hicho. Mkurugenzi akajiumauma, kisha akamtaja Zaure Tulegenova, mwalimu wa fizikia, aliyefanya mazoezi miaka mitano akaenguliwa wiki ya mwisho kabla ya safari.

Inspekta na Seitkali walimkuta nyumbani. Zaure akammiminia Inspekta chai, bakuli pomoni. Kwa desturi ya huko, mgeni anayependwa humiminiwa nusu, akaongezewa. Likijazwa, maana yake kunywa uondoke. Ospanov akanywa taratibu, akabaki palepale.

"Kiti kiko wapi, dada?"

"Chumbani. Sijakificha."

Inspekta akamwomba akilalie. Akalala. Mgongo, nyonga, hata bega lake lililoinama, vyote vikaingia barabara. Hapakubaki pa kupitisha kidole. Seitkali jasho likamtoka. Akakiri kuwa kiti cha Rustem hawakukipata kamwe. Alikitoa hiki stoo, akakibandika jina la shujaa.

"Mwalimu, kirudishe tu, yaishe," akabembeleza. "Nani atajua?"

"Kila mwaka nawaleta wanafunzi wangu, wanasoma jina la mwanamume juu ya mgongo wangu. Nilikuomba ulibandue, ukanicheka. Ndiyo, nimeiba. Andika, Inspekta."

Ospanov alimhurumia, akamwambia wazi: kesi ikifika mahakamani, ualimu basi, na jela ipo. Mlalamikaji ameshasamehe, ashukuru.

"Msamaha wake sitaki. Mahakamani itabidi waseme kiti hiki ni cha nani, na yeye ataapishwa. Nipeleke."

Seitkali akanywea. Zaure akavaa koti, akatangulia garini.