Mbuzi Alirudi, Sauti ya Mwende Haikurudi

Jambo hili lilinigharimu mbuzi mmoja, rafiki mmoja, na sauti ya marehemu mke wangu. Nimehesabu mara mbili, kama kawaida yangu... Aliyerudi ni mbuzi tu.

Wasomaji wenzangu, nina miaka arobaini na minne. Nanunua na kuuza mbuzi hapa Mwingi, na Jumapili nilikuwa napiga drams kanisani. Sokoni hakuna anayenipunja kirahisi. Hata muuza chai hunipa chenji akiwa amenuna, maana anajua nitaihesabu tena mbele yake.

Nyumba ya kupanga haitaki kelele, kwa hivyo nilinunua drams za stima. Unavaa hedifoni, na jirani anasikia tu tap tap kama kuku anadonoa bati. Unaziunganisha na kompyuta, na humo kuna programu ya mazoezi. Inarekodi kila pigo, kisha inakuonyesha kwa rangi nyekundu mahali ulipokosa. Yangu yote yalikuwa mekundu. Mimi ni mtu wa kuharakisha!

Programu ina mlio wake wa kukuhesabia, tik, tik, tik. Ulinishinda kabisa. Mwende, mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini.

"Baba Mumo, mbona unakimbizana na mashine kama mtu ameibiwa mbuzi? Lete hiyo maiki nikuhesabie mimi."

Akahesabu kwa Kikamba chetu: imwe, ili, itatu, inya... Polepole, kama anayepima maharagwe. Nikatulia. Tangu siku hiyo kila wimbo niliorekodi ulianza na sauti yake. Nyimbo thelathini na nane.

Sasa kosa langu. Programu hiyo inalipiwa. Mutinda, mpiga kinanda wetu na rafiki yangu, alikuwa ameilipia, akanishauri nilipie yangu. Mimi? Tulivutana wiki mbili, nikampa beberu mmoja, akaniruhusu nitumie akaunti yake. Nilienda nyumbani nikipiga mluzi. Nilijiona mjanja! Kila nilichorekodi kilihifadhiwa mtandaoni kwa jina lake, na hilo pia nikaliona faida: kompyuta ikiibwa, nyimbo ziko.

Mwende aliugua siku tisa. Ya kumi tukawa tunatafuta mbao za jeneza.

Mutinda ndiye aliyepiga kinanda mazishini. Alilia kuliko ndugu zangu. Baadaye niliuza simu ya Mwende na kila kitu kilichokuwa ndani, jumbe zake zote za sauti. Ningeiweka ya nini? Si nilikuwa naye kwenye kompyuta mara thelathini na nane? Sikuwa na moyo wa kumsikiliza bado. Nilijiambia, nikipata nguvu nitafungua.

Mwaka ukaisha sijafungua. Siku moja nikapeleka mbuzi Mtito Andei, nikaingia hotelini kula. Spika ilikuwa ikicheza wimbo wa injili wa mwimbaji nisiyemjua. Vidole vyangu vikaanza kugonga meza vyenyewe. Drams zile zilikuwa zangu! Nilizijua kwa vile nilivyoharakisha kabla ya kiitikio. Nikamwomba mwenye hoteli aurudishe mwanzo. Nikangoja Mwende ahesabu...

Wimbo ulianza tu.

Nililipa chakula bila kuuliza bei. Nyumbani nikafungua nyimbo zote, moja moja. Zote zilianzia kwenye drams. Mwende alikuwa amekatwa.

Asubuhi nilimfuata Mutinda kwao, mjini Wote.

"Kyalo, nilikuwa nakuja kukuambia," akasema. "Waimbaji walitaka drams safi, nikawauzia. Nilisafisha tu kidogo."

"Ulisafisha nini?"

"Ile makelele ya mwanzo. Mtu anahesabu hesabu pale."

"Mtu? Mutinda, ati mtu?"

Akaangalia viatu vyake. "Si uko na zingine kwako?"

"Zangu ndizo hizo zako! Si ndivyo tulivyopatana?"

Nilipopandisha sauti naye akapandisha yake. Akaunti ni yake, risiti ni yake, na zile za zamani alizifuta alipohifadhi mpya juu yazo.

Nilimshtaki kwa wazee wa kanisa. Wakauliza akaunti ni ya nani. Wakaamua anirudishie mbuzi, tukaombewa, tukapeana mikono. Alileta beberu mnono kuliko wangu. Sijawahi kuchukia mnyama namna ile.

Nilimtafuta mtu aliyenunua ile simu. Alifuta kila kitu siku ile ile aliyoinunua. Fundi wa kompyuta mjini Kitui alitazama, akatikisa kichwa, akakataa hata malipo. Drams ziko chini ya kitanda. Kanisani sipigi tena, nani ataniambia nianze lini?

Ndugu zangu, mnachokipenda msikiweke kwenye jina la mtu mwingine ili mwokoe pesa kidogo. Na msingoje kupata nguvu ndipo msikilize. Hazikuja!

Mutinda hunitumia salamu kila wiki, anataka tupige pamoja. Nimjibu nini? Na kama kuna mmoja wenu anayejua kurudisha sauti iliyofutwa, hata ile "imwe" peke yake, naomba anisaidie. Ataje bei yake. Sitamwomba apunguze hata shilingi.