Sufuria ya Maate

Kila jioni pale Bwera, wanafunzi wa darasa la saba walibaki shuleni kujiandaa kwa mtihani. Edisa peke yake alikimbia nyumbani kuwasha moto, kwa kuwa mama alikuwa shambani hadi giza. Mdogo wake Maate, mwenye mikono miwili mizima na afya ya kutisha, alikaa chini ya mgomba akisubiri chakula kwa uvumilivu mkubwa.

"Maate, koroga basi, nami nisome."

"Dada, baba alisema mwanaume haingii jikoni," alijibu Maate, kama askofu anayesoma waraka. "Unataka nimkosee baba?"

Edisa alikasirika hata akasahau kutia chumvi kwenye sombe, mboga yao ya majani ya muhogo. Maate akanung'unika hadi sahani ilipobaki tupu.

Ndipo Mwalimu Yudesi akatangaza kwamba Ijumaa kila mwanafunzi wa shule nzima, msichana kwa mvulana, angepika uwanjani pamoja na mzazi. Mama akaenda na Edisa. Maate akabakiwa na baba.

Baba yao, Mzee Erifazi, alikuwa ametoka tu Nyakalengija, ambako aliwabebea mizigo wazungu wanaopanda mlima. Alifika uwanjani amekunja uso.

"Mwalimu, mimi nilileta mutoto asome kitabu. Hii ya kukoroga iko kazi ya wanawake."

"Basi keti umtazame tu, mzee."

Akaketi. Maate alimwaga unga wote wa muhogo kwa mara moja katika maji yanayochemka. Madonge yakatokea, makubwa kama ngumi. Alipokoroga, sufuria nayo ikazunguka. Mzee Erifazi alikohoa, akatazama kando, akatazama tena.

"Teremsha sufuria," alisema kwa sauti ya chini. "Ibane na miguu. Si hivyo. Lete."

Akaibana mwenyewe, akayaponda madonge ukingoni mwa sufuria, akageuza na kugeuza. Obundu, ule ugali wa muhogo, ikatoka laini, inang'aa. Hata mama aliisahau sombe yake.

"Baba, nani alikufundisha?" aliuliza Maate.

"Kule kambini nani atapika? Wapagazi wote wanakula chakula yangu."

Edisa aliuweka mwiko wake chini. "Kumbe, baba, mlimani unapika na bado ni mwanaume. Ukishuka tu, mimi ndiye ninayekosa masomo. Nianguke mtihani ili mikono ya Maate ipumzike?"

Mama alijifanya anatafuta kifuniko. Mzee Erifazi alifuta unga mikononi kwa muda mrefu.

"Jumatatu utabaki shuleni," alisema mwishowe. "Maate atakoroga. Mimi nitamwonyesha."

"Mmesikia, watoto," alisema Mwalimu Yudesi. "Kila anayekula ajifunze kupika. Nyumba ikigawana kazi, kila mtoto hupata nafasi ya kusoma."

Jumatatu Edisa alirudi jua likizama, vitabu kwapani. Maate alimpakulia, jasho likimtoka, baba amesimama nyuma yake. Sombe haikuwa na chumvi. Edisa aliila yote, wala hakunung'unika.